Namba ya Ziada

Kamati ilileta jora la marekani
na orodha ya majina mia mbili na arobaini.
Nikakata, nikapinda, Sadoki akapiga rangi,
na usiku wa kukabidhi kikabaki kitambaa kimoja,
kipana kama mgongo wangu.
Nikamwambia Sadoki: andika inayofuata.

Miaka kumi na tisa miguu hii imesafiri
chini ya cherehani, barazani pale Mwanga,
kisigino, kidole, kisigino, kidole,
na haijawahi kuvuka kizingiti.
Nikachukua futi, nikapiga hesabu:
mbio nzima ni futi yangu mara elfu kumi na nne.
Nikacheka peke yangu.
Kisha nikaacha kucheka.

Ujiji, saa kumi na mbili na nusu, umande bado.
Vijana wa Kasulu wanarukaruka, wembamba kama sindano namba tisa.
Mimi nimevaa raba za mwanangu Gwasa,
nimezijaza vipande vya vitambaa kwenye ncha.
Filimbi ikalia
na mbele yangu ikawa migongo mitupu,
kila mgongo na mshono wangu:
huyu pindo limemlegea,
yule nilimkatia upogo, naomba asijue.
Hawakukaa sana mbele ya macho.

Buzebazeba, Bi Mwavita anapima mawese,
akaliacha kopo hewani.
"Fundi! Blauzi yangu! Si ulisema Ijumaa?"
Nikasema kesho, kwa pumzi niliyokuwa nayo.
Akajifunga kibwebwe akanifuata,
hatua thelathini, arobaini, kandambili zikipiga lami,
"Harusi ya mdogo wangu ni Alhamisi!
Unanikimbia mpaka wapi?"
Watu wakapiga makofi.
Walidhani ananishangilia.

Nikapita dukani kwangu. Kufuli linaning'inia.
Kwenye benchi amekaa mwenye suruali ya kupunguzwa;
akanitazama nikija, akanitazama nikienda,
hakusema neno.

Mwandiga wamezungushia pipa kamba nyekundu:
ukilizunguka, unarudi.
Mtoto akanipa maji kwenye kikombe cha bati
akasubiri nimrudishie kikombe chake.

Ilikuwa Masanga mguu wa kushoto uliponiacha.
Mwenye cherehani anaijua hali hiyo:
bobini imeisha uzi katikati ya mshono,
sindano inapanda na kushuka, inapanda na kushuka,
sauti ni ileile,
na kitambaa hakishiki kitu.
Nikatembea.
Hakuna atakayeandika kwamba nilitembea,
basi naandika mimi:
kutoka kwa muuza matofali hadi kwenye daraja dogo,
mkono kiunoni, nikiwahesabia vifungo wapita njia.

Halafu Mwanga tena, halafu mteremko wa stesheni,
na ziwa likasimama wima mbele yangu
kama kitambaa kilichotundikwa mlangoni.
Sikukimbia. Nilishushwa.
Karani alikuwa anakunja meza.
Akasoma mgongo wangu, akafunua karatasi, akafunua tena.
"Mia mbili arobaini na moja? Hatuna."
"Ninayo mimi," nikamwambia,
nikakaa chini kwenye changarawe ya reli
kwa sababu hapakuwa na mahali pengine karibu.

Jumatatu goti likakataa kukunjika.
Nikazungusha gurudumu kwa mkono, taratibu:
blauzi ya Bi Mwavita, kola ya kusimama.
Bitana ilikuwa imeniishia.
Nikaitazama ile namba pale msumarini,
nikaikata vipande viwili,
nikaificha ndani ya kola, nikapiga pasi.

Alhamisi alipita mbele ya baraza na wenzake,
shingo imenyooka kama ya tausi,
hata hakunigeukia.
Niliifua kwanza.
Mara mbili.